Mti Mkubwa Uani: Wakati wa Kuukata na Wakati wa Kuuacha

Mti uliokomaa uani mara nyingi ni mkongwe kuliko nyumba yenyewe. Katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, Tanga na Bagamoyo ipo miembe iliyokuwa ikizaa kabla msingi wa nyumba haujachimbwa, na mafundi walipokuja kupima kiwanja waliipisha. Mwembe ukitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Kuuangusha ni kazi ya siku moja. Kupata mwingine wenye kivuli kama chake ni kazi ya miongo miwili au mitatu, na mwenye nyumba aliyekwisha kuzeeka huenda asijaliwe kukikalia. Kwa hiyo ukubwa wa mti peke yake hautoshi kuuhukumu, wala umri wake. Kinachoamua ni hali ya mizizi na shina, kile kilicho chini ya matawi, na kama ipo njia nyingine ya kuondoa hatari huku mti ukibaki.

Swali hili huibuka zaidi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Udongo hulowa ukalegea, majani hubeba uzito wa maji, na upepo wa kusi huanza kupata nguvu. Vimbunga haviifikii pwani ya Tanzania mara kwa mara, lakini hufika: Lindi ilipigwa tarehe 15 Aprili 1952, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi maeneo ya Mafia kikiwa na upepo mkali na mvua kubwa. Baada ya tukio la namna hiyo mtaa mzima huingiwa na hofu. Mti wa jirani ukilalia ukuta usiku, kesho yake vijana wenye msumeno wa mnyororo, chenso kama wanavyouita wenyewe, hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna kazi. Hakuna siku mbaya ya kuamua kuliko hiyo. Mti uliobaki wima baada ya dhoruba unastahili kukaguliwa upya, maana mizizi yaweza kuwa imekatika bila shina kuonyesha lolote. Lakini kukaguliwa ni jambo moja na kukatwa ni jingine. Tena si vizuri ushauri utoke kwa mtu atakayelipwa kwa kukata, hasa kama na magogo atayachukua yeye.

Hatari ya mti hupimwa kwa mambo matatu yakichukuliwa pamoja: uwezekano wa mti au tawi kuanguka, kitu kitakachoangukiwa, na muda ambao kitu hicho hukaa pale. Mkungu uliokauka kwenye kona ya shamba, mbali na njia, unaweza kuachwa ukaoza wenyewe, na ndege wakautumia. Mwembe wenye afya njema, lakini wenye tawi moja kavu juu ya jamvi wanapokaa watoto kila jioni, ni hatari kubwa zaidi, ingawa dawa yake ni kuondoa tawi lile moja tu. Wengi husahau kitakachoangukiwa na kuutazama mti peke yake.

Ukaguzi huanzia chini. Watu wengi hudhani mizizi huenda chini kadiri matawi yanavyokwenda juu, kana kwamba mti umesimama juu ya kivuli chake kwenye maji. Miti michache, mwembe ukiwamo, huwa na mzizi mkuu unaochimba mita kadhaa. Hata hivyo sehemu kubwa ya mizizi ya karibu kila mti hutambaa ndani ya mita moja ya juu ya udongo, penye hewa na rutuba, na huenea kupita mwisho wa matawi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa ujenzi Uingereza ni kuchukua kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, kukizidisha kwa 12, na kuuchukulia umbali huo kutoka shinani kuwa eneo la mizizi lisilochezewa. Shina la kipenyo cha sentimita 60 hudai mita 7 na ushei kila upande. Viwanja vingi vya mjini havina nafasi hiyo, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Mfano unaoonekana karibu kila mtaa ni mwembe uliozungushiwa saruji. Mwaka fulani mwenye nyumba anajenga ukuta wa uzio, na mtaro wa msingi unapita mita moja na nusu kutoka shinani. Mafundi wanakutana na mizizi minene kama paja na kuikata kwa shoka. Mwaka unaofuata linachimbwa karo upande mwingine. Kisha uani panawekwa pevingi hadi kwenye gome, na kabla ya hapo udongo umejazwa ili kusawazisha. Mwembe unaendelea kuzaa, tena pengine unazaa kwa wingi usio wa kawaida, na watu wanaona haukudhurika. Miaka mitatu au minne baadaye majani ya kileleni yanakuwa madogo, ncha za matawi zinakauka, na vijiti vinadondoka kila upepo ukivuma. Mwenye nyumba anasema mti umezeeka. Ukweli ni kwamba umenyimwa hewa na maji, na nusu ya kamba zilizoushikilia zimekatwa. Hukumu ya miti mingi inayokatwa mijini ilitolewa siku ya kuchimba mtaro, na inauma kwamba mtaro huohuo ungeweza kupindishwa kidogo tu.

Mti wa namna hiyo haujapoteza kesi moja kwa moja. Shina la mti wenye afya hutanuka linapoingia ardhini, kama mguu wa tembo. Likiingia wima kama nguzo ya umeme, ujue limefukiwa. Udongo wa ziada uondolewe taratibu kwa mkono au jembe dogo mpaka mizizi ya juu ionekane, na pevingi zitolewe angalau mita mbili kuzunguka shina. Mahali pake pawekwe matandazo ya majani makavu, bila kuyarundika kwenye gome. Kama mizizi minene ilikatwa upande mmoja tu na mti haujaanza kuinama, mara nyingi utajijenga tena kwa miaka michache. Ikiwa ilikatwa pande mbili karibu na shina, na nyumba iko upande ambao mti utaangukia, hapo shoka lina hoja.

Dalili zinazotisha kweli ziko kwenye tako la mti. Uyoga mgumu wenye umbo la rafu, unaojitokeza shinani karibu na ardhi, ni alama kwamba mizizi au kiini kinaozeshwa na kuvu, na kuvu huwa amefanya kazi kwa muda mrefu kabla uyoga haujatoka. Kuinama nako ni kwa aina mbili. Mti ulioinama tangu ujana kwa kutafuta mwanga huwa umejirekebisha, na ncha yake hurudi kuelekea juu; huo unaweza kukaa hivyo maisha yake yote. Mti ulioanza kuinama mwaka huu, huku udongo upande wa nyuma umevimba au una ufa unaoingia kidole, unaanguka tayari, polepole. Huo haungojwi. Watu waondolewe chini yake siku hiyohiyo.

Kutoka tako, macho hupanda shinani. Pango si hukumu ya kifo. Mti hauponi kama ngozi ya binadamu inavyopona. Hutenga sehemu iliyoumia kwa kujenga kuta ndani yake, kisha huotesha mbao mpya nje ya kuta hizo. Maelezo hayo yalitolewa na Mmarekani Alex Shigo, mtaalamu wa misitu aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone kilichomo ndani. Kwa sababu hiyo bomba la mbao nzima linaweza kubeba mti hata kama kiini kimeoza. Mjerumani Claus Mattheck alipendekeza kipimo ambacho bado hutumika kama mwanzo wa mazungumzo: ukuta wa mbao nzima usiwe mwembamba kuliko theluthi moja ya nusukipenyo cha shina. Shina lenye mzunguko wa sentimita 190 hivi lina nusukipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo ukuta unaotakiwa ni sentimita 10. Kama pango lina mdomo, waya mgumu au kipande chembamba cha nondo huingizwa kuchunguza umbali wa uozo. Pasipo mdomo, shina hugongwa kwa nyundo ya mbao kuzunguka pande zote, na sikio lililozoea hutofautisha mlio mzito wa mbao nzima na mlio wa ngoma. Pango lenye mdomo mpana hudhoofisha zaidi kuliko lililofungika, hivyo kipimo cha theluthi kisichukuliwe kama ruhusa. Kabla ya kuchokoa chochote ni vema kusikiliza kama kuna nyuki. Wakiwamo, aitwe mrina asali kwanza.

Mbuyu hauhukumiwi kwa kanuni hiyo. Mbao yake ni laini na imejaa maji, na mbuyu wenye uwazi ndani unaweza kusimama kwa karne. Tahadhari kwake ni kuoza kunakolainisha tako na kutoa majimaji yenye harufu.

Mnazi nao ni habari nyingine kabisa, na kwa nyumba za pwani unastahili kuelezwa kwa kirefu. Mnazi hauna tabaka linalonenepesha shina, kwa hiyo kidonda chake hakifungi kamwe. Vipandio vinavyochongwa shinani ili kurahisisha kukwea hubaki milango ya maji na kuvu hadi mwisho wa uhai wake. Uhai wenyewe umewekwa sehemu moja tu, kwenye moyo ulio kileleni. Ukikatwa kilele, mnazi umekufa, wala hautachipua. Anayetaka mnazi upungue urefu anaomba lisilowezekana. Hata hivyo hatari kubwa ya mnazi mzima si kuanguka wenyewe, maana mizizi yake mingi myembamba huushika vizuri kwenye mchanga na shina hupinda bila kuvunjika. Hatari ni nazi na makuti makavu. Nazi ikitoka mita 20 juu haimuulizi mtu yuko wapi. Mkwezi akiitwa kila baada ya miezi michache kuangua na kusafisha, hatari hiyo huisha, na nyumba inapata madafu.

Mnazi unaostahili kuondolewa bila kuchelewa ni ule uliokufa au unaokufa. Ugonjwa wa kunyong'onyea, ulioteketeza minazi mingi ya pwani ya Tanzania, huanza kwa kudondosha nazi changa. Kisha makuti ya chini hugeuka manjano, makarara huwa meusi, na mwishowe kilele chote huanguka na kuacha nguzo tupu. Ugonjwa huo hauna tiba. Nguzo ile ikiachwa huoza ikiwa imesimama, na ndani yake huzaliana chonga, mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha minazi iliyo hai. Kuacha mnazi mfu uani ni kuwafugia majirani wadudu. Ukatwe, na gogo lipasuliwe, likaushwe au lichomwe. Kuliachia shambani lioze ni kumjengea chonga nyumba mpya.

Kwenye miti ya matawi, mahali pengine pa kuangalia ni panda. Panda lenye umbo la herufi U huwa imara. Panda jembamba ambalo gome limebanwa katikati ya vigogo viwili halijashikana kama linavyoonekana, na hupasuka siku ya upepo likiwa limejaa majani na matunda. Ufa unaoonekana pande zote mbili za panda, au utomvu unaotiririka kutoka katikati yake, ni dalili ya kuchukua hatua. Kigogo kimoja kinaweza kupunguzwa uzito kabla ya kufikiria kukata mti wote.

Majani ndiyo yanayodanganya zaidi. Mkungu hugeuza majani yake kuwa mekundu na kuyapukutisha, mbuyu hukaa miezi mingi bila jani, na mkrismasi huweza kubaki matawi matupu na maganda yake meusi wakati wa kiangazi, kisha ukawaka maua mekundu kuelekea Desemba. Kuna watu walioikata miti hiyo wakidhani imekufa. Jaribio la kweli huchukua dakika moja: gome la kijiti likwaruzwe kwa ukucha au kisu. Chini yake pakiwa na kijani na unyevu, kijiti ni hai; pakiwa pa kahawia na pakavu, jaribio lirudiwe kwenye tawi nene zaidi, na hivyo hivyo kuelekea shinani. Mti ambao zaidi ya nusu ya matawi yake makubwa yamekufa kwa jaribio hili hautegemewi tena karibu na nyumba.

Aina ya mti pia ina uzito. Mkrismasi una mbao dhaifu na mizizi ya juujuu inayonyanyua sakafu. Ulipaswa kupandwa mbali na ukuta tangu mwanzo. Mkaratusi hurefuka haraka, na unajulikana kwa kuangusha tawi zima hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo mkubwa wenye matawi juu ya paa ni mgombea halali wa kuondolewa. Mwarobaini ni imara zaidi, huvumilia ukame na kupogolewa, na sababu ya kuukata huwa nadra.

Lawama nyingine zinazotolewa dhidi ya miti zinahitaji kupimwa kwa haki. Ufa ukutani si ushahidi kwamba mzizi umesukuma. Kwenye kichanga cha pwani, mizizi huinua zaidi vitu vyepesi: pevingi, ngazi za baraza, ukuta wa uzio usio na msingi wa maana. Mzizi hauvunji bomba zima. Huingia kwenye bomba lenye ufa, ukifuata unyevu unaovuja. Ukikata mti bila kutengeneza bomba, mti wa jirani utaleta mzizi wake. Udongo mweusi wa mbuga, kama ulioenea sehemu nyingi za Nairobi, ndio wenye hadithi tofauti, kwa sababu hunywea ukikauka na huvimba ukilowa. Hapo mti mkubwa uliokuwa ukinyonya maji karibu na msingi ukiondolewa ghafla, udongo unaweza kuvimba na kupasua nyumba iliyokuwa salama. Mhandisi aulizwe kabla, si baada.

Majani kwenye mfereji wa paa, maembe yanayodondoka juu ya gari na popo wanaokula kungu usiku ni kero za kweli, lakini kero hupunguzwa kwa ufagio, kwa kuhamisha gari na kwa kupogoa. Upande wa pili wa mizani una uzito ambao watu hugundua wakishakata. Nyumba ya mabati yenye mti upande wa magharibi hukingwa na jua la alasiri, saa ambazo joto la Dar es Salaam halivumiliki. Kivuli kikiondoka, feni inayotumika usiku peke yake inaanza kuzunguka kutwa. Kuna pia mambo yasiyopimwa kwa joto. Familia nyingi za pwani huzika kitovu cha mtoto chini ya mnazi au mti mwingine wa nyumbani, na mti ule huwa wa mtu. Kabla msumeno haujawashwa, wazee wa nyumba waulizwe.

Kati ya kuacha na kukata kuna hatua za katikati, na aghalabu jibu liko humo. Ya kwanza ni kuhamisha kinachoweza kuangukiwa: banda la kuku, maegesho, benchi la kukalia jioni. Nairobi, mnamo Novemba 2020, mti mkubwa aina ya mugumo wa Westlands uliokuwa uondolewe kupisha barabara ya juu ulibakizwa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Ikiwa barabara nzima inaweza kuupisha mti, banda la kuku halishindwi.

Ya pili ni kupogoa, na hapa makosa ni mengi kuliko mema. Kukata kichwa chote cha mti na kuacha vigutu, jambo linalofanywa kila mahali kwa nia ya kuufanya mti uwe salama, huzaa hatari mpya. Vigutu huoza, na machipukizi yanayotoka kwa fujo huwa yameshikwa kijuujuu tu. Baada ya miaka mitano ni matawi mazito yasiyo na mzizi ndani ya shina. Upogoaji mzuri huondoa matawi makavu, yaliyopasuka na yanayosuguana, na hauzidi robo ya majani mabichi kwa mara moja. Tawi nene hukatwa kwa hatua tatu: msumeno huanza kwa kukata kidogo kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo ya pale, ili tawi lidondoke bila kuchuna gome, mwisho kigutu huondolewa nje ya ile shingo iliyovimba ambapo tawi hukutana na shina. Shingo ndiyo inayofunga kidonda, isiguswe. Kupaka oili chafu au lami hakusaidii, ingawa mafundi wengi hukushikilia.

Inapobainika kwamba mti lazima uondoke, kibali hutangulia. Kwa Tanzania, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inalinda baadhi ya aina, na miti ya thamani kama mvule, mninga na mpingo haikatwi kienyeji hata kama imeota kwenye kiwanja cha mtu. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo zake, kwa hiyo safari huanzia ofisi ya serikali ya mtaa na kuendelea kwa afisa misitu au mazingira wa manispaa. Magogo yakitoka nje kwa gari huhitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme ni kazi ya TANESCO. Mti mbichi hupitisha umeme, na panga lililoshikwa na mtu aliye juu ya tawi halimwachi.

Uani hakuna nafasi ya kuuangusha mti mzima. Hushushwa vipande vipande kutoka juu, kila kipande kikiwa kimefungwa kamba, huku uani pakiwa hapana mtu. Majira mazuri ni kiangazi, udongo ukiwa umeshika, na viota vikaguliwe kwanza. Mwenye nyumba akubaliane na fundi mapema, kwa maandishi na mbele ya shahidi wa mtaa, nani anachukua magogo, nani anazoa matawi, na nani analipa kigae au ukuta ukivunjika.

Kisiki cha mwarobaini huchipua tena kwa nguvu, na machipukizi hayo huondolewa mara kwa mara mpaka mizizi iishiwe akiba. Cha mwembe mzee huoza chenyewe kwa miaka kadhaa. Kama mti ulikufa kwa kuozeshwa mizizi, mche mpya usipandwe kwenye shimo lilelile. Upandwe hatua kadhaa kutoka hapo, mbali na karo na ukuta, upande wa magharibi wa nyumba ikiwezekana. Mwembe uliobebeshwa hubaki mfupi kuliko ule wa kokwa, na kwa kiwanja cha mjini unatosha. Mche upandwe mwanzoni mwa mvua, na umwagiliwe kiangazi cha mwaka wa kwanza na wa pili.